Twiga Aliyetangaza Msiba

Gundi ya stempu ina ladha ya uji uliolala. Nilikuwa nimeisahau mpaka juzi, niliposimama kwenye kaunta kule Posta, mwanamke mzima mwenye mvi, nikatoa ulimi na kulamba stempu ya postikadi ya kaka yangu Masudi, ambaye ana simu mbili na hapokei hata moja. Hatujasemeshana tangu alipoacha kuja kwenye harusi ya binti yangu. Ladha ile ilipogusa ulimi tu, hasira ya miaka zaidi ya thelathini ikanirudia yote, mbichi kabisa, na wala haikuwa ya Masudi peke yake.

Tulikuwa tunakaa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, vyumba viwili vya kupanga: mama, Masudi na mimi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tuliamka siku moja tukakuta mtaa umejaa redio, manukato na raba za rangi tatu. Mama aliuza mitumba Mchikichini, na nyumba yetu nzima, shuka hadi mkate, ilinuka beli lililofunguliwa jana.

Mzee Jayanti, aliyekuwa na duka la madaftari mtaa wa pili, naye akaamua kuachana na madaftari auze redio kaseti. Akawa anatoa mali ya zamani kwa bei ya kutupa, na mama hakuwahi kuipita bei ya kutupa akaiacha salama. Akarudi na boksi zima la postikadi. Zote zilikuwa za picha moja: twiga amesimama, anatazama pembeni kama mtu aliyesusa.

Mama akatangaza kwamba sasa tutawatafuta ndugu. Katika miaka ya shida tulikuwa tumepotezana. Karatasi hakuna, na mabasi ya kusini mvua ikinyesha hayaendi. Kwa ndugu wengine ilikuwa kupotezana tu. Kwa dada yake, mama mkubwa Somoe, aliyebaki Newala, ilikuwa ugomvi. Bibi alipofariki, mama alikwama siku nne kwenye kivuko cha Rufiji, akafika udongo wa kaburi umeshakauka, na mama mkubwa akamuuliza mbele za watu alikuwa wapi, au mjini kumemlewesha. Miaka sita hawakusemeshana. Mama alikuwa akiwataja ndugu wote isipokuwa huyo mmoja, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba boksi lile lote lilinunuliwa kwa ajili yake.

Kazi ya kuandika ikaniangukia mimi. Mama alisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, akaishia kwenye jina lake mwenyewe. Masudi alikuwa amenizidi miaka miwili, lakini aliandika kadi moja kwa hati mbaya ya makusudi, akasamehewa, akaenda zake Mnazi Mmoja kucheza mpira. Mimi mwenye hati nzuri nikaadhibiwa kwa hati yangu nzuri. Hilo nalo sijalisamehe.

Kama ulikulia enzi zile unaijua barua yetu. Huanzi na habari. Unamjulia mtu hali, unamwambia wewe u mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yake yeye aliye mbali. Kisha unawasalimia walio kwake kwa majina, na walio kwako nao wanasalimia kwa majina, na ukimruka mmoja umetangaza vita. Haya yote mama alitaka yaingie kwenye nafasi ya ukubwa wa kiganja. Nikimwambia nafasi imekwisha, ananiambia niandike pembeni. Pembeni kukijaa, anageuza kadi na kunionyesha anga juu ya kichwa cha twiga.

Kadi ya mama mkubwa aliiacha mwisho, ya kumi na nne, Jumamosi jioni. Alisema salamu karibu nusu saa huku anakunja sketi za kuuza kesho yake. Nje wenzangu walikuwa wanacheza rede na zamu yangu ilikuwa inapita. Alipofika kwa watoto wa marehemu mjomba, mmoja mmoja, niliacha kuandika, nikawa napitisha kalamu hewani tu. Niliyoandika hasa yalikuwa maneno saba: "Mama mkubwa, njoo Dar. Ni mimi Rehema." Nilijiambia hiyo ndiyo shabaha yenyewe, mengine mapambo. Nikalamba stempu, nikakimbilia rede.

Sikujua kadi isiyo na salamu inavyosomeka Newala. Habari fupi kule ililetwa na telegramu, na telegramu ililetwa na kifo. Tena postikadi haina bahasha. Mtu wa posta aliisoma, mwalimu mwenye sanduku la barua akaisoma, na ilipomfikia mama mkubwa, ambaye hakujua kusoma, kijiji kilikuwa kimeshaelewa. Hakuna salamu, na aliyeandika kwa jina lake ni mtoto. Basi mama wa mtoto hayupo.

Wiki tatu baadaye natoka shule, nikamkuta mama mkubwa mlangoni kwetu, kajifunga kanga kiunoni, anamlilia mdogo wake kwa sauti iliyofunika redio zote za mtaa. Majirani wakadhani mama ameanguka huko sokoni. Kariakoo kilio kinakusanya watu kwanza, maswali baadaye. Mama wa chumba cha mbele alikuwa ameshatandika mkeka. Nilisimama na begi langu mgongoni, nikaelewa polepole.

Mara mama yangu huyo, furushi la mitumba kichwani. Akaona viatu vimejaa mlangoni, akashusha furushi, akajifunga kanga, akaingia ameshaanza kutoa machozi kama inavyompasa jirani mwema. Akamwinamia wa karibu.

"Nani kafariki?"

Yule jirani akamwonyesha mama mkubwa kwa kidevu. Mama mkubwa akainua uso. Wakatazamana, na mimi nikaitafuta njia ya uani.

"Zuhura," mama mkubwa akasema, "siku tatu nipo barabarani nakulilia."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Wakakumbatiana wakalia upya, na majirani waliokwisha kuchoka wakalazimika kulia nao.

Jambo la kwanza walilokubaliana baada ya miaka sita lilikuwa kunichapa mimi. Mama mkubwa akakaa miezi mitatu, kitandani kwangu. Na kwa kuwa Newala matanga yalikuwa yameshaanza, niliandikishwa twiga wote waliobaki kuwajulisha watu kwamba Zuhura yu hai, salamu zote, majina yote, bila kuruka. Masudi akaenda Mnazi Mmoja.

Nilikua nikiamini kwamba fundisho lilikuwa hilo, kuwa majina yale ni orodha ya walio hai na haifai kuifupisha. Miaka mingi baadaye, mama akiwa ametutoka kweli, nilikwenda Newala. Mama mkubwa alikuwa anabangua korosho. Bila kuulizwa akaniambia kwamba yule mwalimu alimsomea kadi mara mbili, akamwambia hapa hakuna kifo, mtoto anakuita tu.

"Nikamwambia anyamaze," akasema. "Kwa mtu mzima wa afya ningeingiaje pale mlangoni? Msibani mtu haulizwi alikuwa wapi. Mimi nilimuuliza mama yako, nikakosa."

Nikamuuliza, na kile kilio je? Akasema kilio kilikuwa cha kweli, kilikuwa kinangoja tangu siku ile ya kaburini.

Nilikasirika mno. Nilizikumbuka zile fimbo, na twiga wale wote, na mwezi mzima wa rede uliopita bila mimi, kumbe mtu mzima alikuwa anatafuta mlango tu. Nilirudi Dar bado nimenuna.

Kadi ya Masudi nimeijaza salamu mpaka pembeni, kwa majina, hakuna niliyemruka. Nilipoitumbukiza kwenye sanduku ndipo nikaona nilichofanya. Nimemwambia sote tu wazima. Nimemfungia mlango pekee ambao angeweza kuingilia bila kuniomba radhi.