Siku Mtani Alipomwita Mado

Siku ya kilio cha Ngoie naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: makaa, tunayoyaita makala, bukari, ugali wetu, na samaki wakavu. Umeniuliza kwa nini mimi, mwanamke wa rozari na wa misa ya kwanza, nakwenda kukaa Jumapili katika mikutano ya watu wanaodai kwamba wanawake wawili, au wanaume wawili, waruhusiwe kuoana na sheria iwatambue. Umeniuliza kwa kucheka. Mimi sitakujibu kwa kucheka. Kaa chini.

Ngoie na Mado walikuwa wanawake wawili, majirani zangu hapa Kasungami. Waliuza samaki wa Pweto, mmoja anasafiri, mwingine anabaki sokoni. Kiwanja walikipata kikiwa nyasi tupu, wakafyatua matofali wenyewe, wakajenga, wakazeeka humo pamoja. Mtaa mzima ulijua. Hakuna aliyesema. Tuna ufundi huo sisi, wa kujua jambo miaka yote na kulimeza kila siku pamoja na mate. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na si maradhi tu. Hata pendo ukilificha, kilio kitalitoa nje.

Ngoie alipofariki, kaka yake Kasongo alikuja kutoka mjini akashika mambo yote. Ndani ya nyumba, mkeka wa mjane ulitandikwa, kisha haukukaliwa.

"Dada yangu hakuolewa," alisema. "Hapa hakuna mujane."

Mado akatumwa nje kwenye mbabula, majiko yetu ya makala, awasongee wageni bukari kama mtu wa kibarua. Alisonga. Moshi ulimpa ruhusa ya kulia. Nasi tukakaa, tukala. Ujue, mwanangu, asiyeketi kwenye mkeka ule si mjane: hawi wa kwanza nyuma ya jeneza, haoshwi ujane, na nyumba inaanza kumtazama kama mgeni.

Sasa nikueleze habari ya watani, maana ninyi vijana mnawaona watu wa fujo. Sisi tunawaita banungwe. Ngoie alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na watani wao ni ukoo wa Chui. Kwenye kilio mtani anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anawatukana wafiwa, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Nilipokuwa binti, kule kambi ya wafanyakazi wa reli, nililia kwa hasira kumwona mtani amevaa kofia ya babu yangu, anakohoa kama yeye. Nkambo wangu mwingine, mama yake mama (babu na bibi wote tunawaita nkambo), alinipiga kofi la mkononi. "Nyamaza! Ule anakuonyesha nkambo yako mara ya mwisho, na weye unafunga macho?" Tangu hapo sijafunga.

Basi mchana ule akaingia Mama Mwansa, mzee wa ukoo wa Chui, amevaa aproni ya Ngoie na buti zake za mvua, kapu la samaki kichwani.

"Ninyi bambuzi!" akapiga kelele. "Kilio gani hii, iko na bukari na haina mujane? Munazika muntu ao munazika mufuko ya makala?"

Watu wakacheka. Kasongo akasimama. "Mama, heshima kidogo. Hapa iko mambo ya familia."

"Yee! Mbuzi ananionyesha pembe! Miye chui, weye! Kaa chini mbele ya njaa kunishika."

Kicheko kikazidi. Kasongo akaketi. Desturi ndiyo iliyomkalisha.

Halafu Mama Mwansa akaacha mzaha. Akaenda kizingitini, akaketi polepole, mkono mmoja kiunoni, vilevile Ngoie alivyoketi kila jioni akitoka sokoni. Akanyoosha miguu. Akaita, na sauti ikawa ya Ngoie yenyewe, ile ya kukwaruza:

"Mado we! Leta maji, miguu inanikufa."

Mado akainuka. Hakuwaza. Mwili ulimwitika marehemu kabla akili haijakumbuka kifo. Akachukua karai, akachanganya maji ya moto na ya baridi, akapima kwa kiwiko, akaanza kuvuka lupango, ua wa nyumba, mbele ya macho yetu sote. Katikati ya uwanja ndipo alipokumbuka. Akasimama pale na karai lake, maji yanamwagikia kitenge.

Mwanangu, nywele zilinisimama. Watoto waliokuwa wakigombania ukoko waliuacha sufuriani. Nimeingia makanisa makubwa siku za sikukuu, lakini sikuwahi kuogopa kitu kitakatifu kama nilivyoliogopa karai lile.

Mama yake Ngoie, kikongwe Mama Kabwe, akatoka ndani. Hakumtazama Kasongo. Akalipokea karai, akalitua chini, akamshika Mado mkono, akamketisha kwenye mkeka wa mjane, akamfunga kitambaa cheusi kichwani.

"Mutoto wangu alikuwa na muntu wake," akasema. "Ni huyu. Mwenye kulia, alie na yeye."

Wanawake wakainuka, wakabeba mikeka yao, wakaenda kumzunguka. Nami nikaenda. Hata katekista akavuta kiti chake. Hakuna aliyetoa hotuba. Ule ndio ulikuwa mkutano wetu wa kwanza, na sisi wenyewe hatukujua kwamba ni mkutano.

Ungedhani yaliishia hapo. Kasongo hakubishana na mkeka. Alingoja matanga yaishe, akaja na mtu wa sheria. Sheria ya nchi hii inajua ndoa ya mwanaume na mwanamke tu, kwa hiyo mbele yake Ngoie alikufa bila mtu. Mado akatolewa ndani ya matofali aliyoyafyatua. Mama Kabwe naye akafunga mzigo.

"Mama, weye unabakia," Kasongo akamwambia. "Nyumba ni yetu."

"Ni yako. Miye naenda na mutoto mwenye alibakia."

Udugu ni kufaana, si kufanana. Wakapanga chumba kimoja mtaa wa Kampemba, mama mkwe na mjane.

Ndani ya chumba kile ndimo tulimoanza kukutana. Kwanza tulipeleka unga tu. Kisha wakaja wanaume wawili walioitana binamu miaka mingi. Wakaja akina mama wamejifunika nyuso, wakazifunua walipoona wenzao. Leo tunajaa mpaka uani, na tunasema wazi: waoane, sheria iwatambue, mtu asifukuzwe kwake. Wako wanaopita wakizomea, "Mambo ya bazungu!" Mama Mwansa anawajibu juu ya ukuta, "Muzungu gani alifyatua matofali na Mado? Mutaje jina!"

Basi shauri langu ni hili. Heshima tulimpa Mado, na ni kitu kikubwa, lakini heshima peke yake haikumfungia Kasongo mlango. Usijue jambo ukanyamaza mpaka mtu afe. Watu wawili wakiishi kwa haki, wape jina lao wangali hai, na kaka zao wakisikia. Wakikusanyika kudai haki yao, nenda, hata kama huna la kusema. Makalio yako kwenye benchi yanasema. Kidole kimoja hakiui chawa. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo kicheko chako kiweke mfukoni. Jumapili utanibebea kiti. Sikuombi, nakuambia.

Sogeza kipaji cha uso nikupake pemba, udongo wetu mweupe wa baraka. Uzeeke, mwanangu. Ulale kwako, uamke kwako. Na Mungu asikuonyeshe siku ya kuulizwa wewe ni nani, mbele ya jeneza la uliyempenda.