Chuchumaa Kwanza

Kabla sijagusa hiyo jeans uliyoniletea niibane, mwanangu, keti hapo kwenye stuli nikuambie kitu. Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa msichana, najifunza kushona kwa Mama Rispa pale Kiminini, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kweli kweli.

Mama Rispa alikuwa na desturi yake. Hakukata suruali ya mtu kabla mtu huyo hajachuchumaa mbele yake, kisha akaweka mguu mmoja juu ya stuli. Makarani walichuchumaa, hata mchungaji wake alichuchumaa. Sisi wanafunzi tulicheka hadi machozi.

Siku hiyo akaja Wekesa, kijana wa Bokoli aliyekuwa akichora mabango na kuta za maduka. Mkono wake ulikuwa na kipaji, na mimi, wacha niseme ukweli, nilikuwa nampenda. Alikuwa amepata ukuta mrefu wa kuchora mjini Bungoma. Mama Rispa akamtolea kaki nzito, akamwonyesha mahali atakapotia kipande cha ziada kati ya mapaja ili mguu upande bila kuvutwa.

"Hiyo ni ya askari wa shamba, Mama," Wekesa akasema. "Mimi ni msanii, bana. Nataka jeans yangu ibanwe tu."

"Suruali ya kazi inapanda ngazi," Mama Rispa akamjibu. "Haisimami kwa kioo."

Akaenda kunywa chai. Wekesa akanigeukia. "Si unibanie wewe? Ati nichuchumae kama kuku anataka kutaga!"

Nikacheka. Nikaibana kutoka paja hadi kifundo, mshono mara mbili kwa uzi mnene, maana nilitaka aone kwamba mimi ni fundi kamili. Sikumwambia achuchumae. Akajitazama kwenye kioo, na kwa kweli alipendeza. Nilishinda nikifurahi siku nzima.

Kesho yake alipanda ngazi kule Bungoma. Waliokuwepo walisema alitaka kuvuka kutoka kwenye ngazi aingie kwenye mbao za jukwaa, hatua ya juu kidogo tu. Goti likakwama katikati, unyayo ukakosa ubao. Alianguka kwenye saruji na akafa kabla hajafikishwa hospitali.

Baada ya mazishi mama yake alikuja na ile jeans, kama alivyokabidhiwa mochari. Akauliza ni nani aliyeibana.

"Ni mimi, Mama," nikasema.

Mama Rispa akaichukua, akaigeuza ndani nje, akaushika mshono pale pajani na kuuvuta kwa mikono miwili. Hakuna uzi uliokuwa umeachia.

"Umeshona vizuri," akaniambia. Hakuniambia lingine juu ya jambo hilo, siku hiyo wala baadaye.

Mwanangu, laiti ningeshona vibaya! Mshono ungepasuka, mji mzima ungeiona chupi yake na kumcheka, naye jioni angerudi Bokoli kwa mama yake. Nimekuwa mzee, na mshono ule bado naulilia.

Kwa hivyo hiyo jeans sitaibana. Ivae kanisani, ivae ukienda kutembea Kitale, lakini usipande nayo kwenye hizo kuta unazochora. Nitakushonea kaki, au turubai laini ukipenda. Usidhani nakuvalisha gunia: vijana wanaochora, wanaochonga na wanaobeba kamera wanavaa suruali zangu na watu wanawageukia njiani. Huku chini nitaipunguza ikae kwa mtindo, magoti niyatie kitambaa cha pili, pajani mfuko wa brashi. Huko juu utaniachia mimi. Nguo ya kazi ichague kwa mwili unaofanya kazi, na akutakaye usimame tu mbele ya kioo, hata akiwa anakupenda, usimsikilize. Mimi nilimpenda Wekesa.

Mungu akulinde uwapo juu, aupe mkono wako sifa, na kila jioni akurudishe kwenu kwa miguu yako mwenyewe.

Haya, inuka. Chuchumaa nikuone.