Mianzi ya Nyumba Yetu

Enzi zetu hakuna aliyekwenda mtoni kutazama mto. Tulikwenda kuchota maji, kufua na kutega samaki kwa migono, na sisi watoto tulikwenda kuteleza juu ya mawe mpaka kaptura zikatoboka matakoni. Wa rika langu mtakumbuka baridi ya Ruvu ya juu. Ukitoka majini meno yanagongana, unakimbilia jiwe lililopigwa jua, unalilalia kwa tumbo kama mjusi. Mama alikuwa akituita kutoka kilimani, "Tokeni huko, mtaota magamba!"

Mama na baba walifariki mmoja baada ya mwingine, ndani ya masika moja. Niliacha shule darasa la nne. Nyuma yangu alikuwapo mmoja tu, mdogo wangu Veronika, wa miaka minane. Kwetu Waluguru watoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa mjomba. Alikuja, akaitazama nyumba yetu iliyolala upande, kuta zimeoza kwa mvua, akasema, "Wewe utakaa kwangu. Veronika atakwenda kwa mama yenu mkubwa, Ngerengere."

"Na nikijenga nyumba nyingine, Mjomba?"

"Kwa mianzi ipi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mianzi ya karibu ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa juu, mwendo wa siku nzima. Tena ilikuwa miaka ile Mwingereza alipolazimisha watu kuchimba ngazi mashambani ili mvua isichukue udongo, na kila mtu mzima alikuwa na jembe mkononi na hasira kifuani. Nani angenibebea? Mjomba akasema nikiweza, niweze kabla mama mkubwa hajaja kumchukua mtoto, mpunga ukishavunwa.

Mzee Kibwana ndiye aliyenisaidia. Alikuwa mtani wa ukoo wetu, mtu wa tambarare, na tangu ujana wake aliteremsha mianzi kwa maji. Nilipanda naye mlimani pamoja na Veronika, maana niliogopa kumwacha asije akachukuliwa nyuma yangu. Tulikata mianzi, tukaiacha ikauke kidogo, kisha nikaifunga kwa kamba za magome, mmoja ubavuni mwa mwingine, ikawa chelezo. Mzee Kibwana alikuwa ametangulia na cha kwake, akanisubiri chini ya korongo. Hakukiona changu kilivyofungwa.

Nilikuwa nimeweka mashina mbele. Ndivyo tulivyoburuta mianzi kuteremka mlimani, shina begani na ncha zikifuata nyuma, na sikuwaza kwamba maji yana desturi nyingine. Kwenye mkondo mkali wa kwanza mashina yaligonga jiwe, chelezo kikasimama, kamba zikakatika. Nilimdaka Veronika kwa gauni. Tulibaki juu ya jiwe katikati ya mto, na nusu ya mianzi yetu ikaondoka bila sisi.

Mzee Kibwana aliiona inapita, akapanda ukingoni mbio. Kwanza aliuliza, "Mtoto mzima?" Nilipoitika, ndipo akacheka mpaka akashika magoti. "Mtani, umeudhania mto kilima? Ncha ndizo zitangulie! Zinapinda, zinapanda jiwe. Shina linagombana nalo. Nyie Waluguru mkiachiwa mtayachimba ngazi hata maji!"

Alitutoa jiweni, tukafunga upya mianzi iliyobaki, ncha mbele. Veronika alikaa katikati akishika kamba kwa mikono miwili, mimi nikasimama nyuma na pondo. Chelezo kiliinua pua, kikapanda jiwe, kikashuka upande wa pili na maji yakatufunika. Nikasukuma kulia, nikasukuma kushoto. Veronika alikuwa akipiga kelele, nami nikamwambia avumilie, tunafika. Kumbe alikuwa anacheka.

Mjomba aliikuta mianzi imelala uani. Aliizunguka mara mbili.

"Hii ni ya chumba kimoja."

"Kinatutosha, Mjomba."

Mjomba akavua koti, akalitundika mtini, akaomba panga aanze kupasua. Mama mkubwa alipokuja tulimkaribisha ndani, akanywa uji, akarudi Ngerengere peke yake.

Siku hizi vijana hushuka mito kwa maboti ya kujaza upepo, wamevaa kofia ngumu na makoti ya kuelea. Mjukuu wangu, ambaye hupanda bodaboda kwenda duka ninaloliona kutoka mlangoni, hunionyesha picha zao na kuniambia hao ndio majasiri. Juzi akaniuliza, "Babu, kule juu mandhari yalikuwaje?"

Njia nzima nilikuwa nikitazama mafundo ya kamba na kisogo cha Veronika.

Aliyejibu ni Veronika mwenyewe, bibi sasa, amekuja kunisalimia. Alisimulia mbega waliokuwa wakiruka juu ya vichwa vyetu, mikia yao myeupe ikining'inia. Alisimulia vipepeo waliojaa kwenye mchanga, migomba mwitu, na maji membamba yaliyokuwa yakishuka ukutani mwa korongo bila kelele. Nikasikiliza kama mgeni.

Leo kingo zimelimwa mpaka majini, na mbega wamehamia juu kabisa. Nafasi ya kutazama ninayo sasa, tele. Lakini nikitaka kuuona mto ule, inanibidi nimwombe Veronika.