Darasa la Jembe

Majembe yalikaa nyuma ya mlango wa darasa la nne, yameegemezwa ukutani, na mpaka leo nikiona mpini wa jembe pembeni ya mlango damu inanichemka.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha hesabu, Mwalimu Mkuu aliingia darasani kwangu mikono nyuma. "Sita mara saba!" alimwambia mmoja. "Nane mara tisa!" alimwambia mwingine. Aliyejibu papo hapo aliketi. Aliyesita alichukua jembe akaenda kulima shamba la shule mpaka kipindi kiishe. Wakishatoka, alinigeukia na kusema kwa furaha kabisa, "Haya, mwalimu, sasa unaweza kufundisha."

Kumfundisha nani? Waliobaki walikuwa wanajua. Wasiojua walikuwa juani wakipalilia pamba, na kesho yake waliulizwa jambo lile lile walilofukuzwa lilipokuwa likifundishwa. Hakuna aliyeona ajabu. Hata watoto wenyewe walinyanyuka kabla hawajaambiwa, wakawahi jembe lenye mpini laini.

Mimi niliona, nikanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na cheti. Baada ya darasa la nane nilibaki Mwanza mjini, nikishona vifungo katika chumba cha cherehani cha mjomba na kusoma kila karatasi iliyofungiwa bidhaa. Nilijifundisha hesabu, jiografia, hata namna ya kusimama mbele ya watu, nikijitazama kwenye kioo cha wateja. Uhuru ulikuwa unanukia, walimu hawatoshi, nikapelekwa shule moja ya ufukweni upande wa Magu. Niliogopa kukosea. Nilipiga mistari ubaoni kwa rula kabla watoto hawajafika. Herufi moja ikipinda, nilifuta ubao mzima. Mtu wa namna hiyo hamwambii mwenye cheti kwamba anafanya ujinga. Tena nitasema yote: nilimchukia mtu yule, na bado nilitamani anisifu.

Aliyenitoa kwenye ukimya ni baba mmoja, mkulima wa pamba. Alinikuta uwanjani akiwa ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mimi sikusoma, kwa hiyo unifahamishe. Nikimuuliza binti yangu, leo umesoma nini, ananionyesha malengelenge. Kulima nilimfundisha mwenyewe. Ninyi mnamfundisha nini?"

"Hesabu, baba."

"Hesabu ya majembe?" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Mwaka huu ndio wa mwisho. Asipoandikwa kwenye mtihani, abaki nyumbani. Shamba langu nalo linataka mtu."

Nilimjua binti huyo. Alikuwa akitoka na jembe karibu kila siku. Mtihani wa darasa la nne ndio uliokuwa ukiamua nani aende darasa la tano na nani amalize shule pale pale, na aliyeamua nani aufanye alikuwa Mwalimu Mkuu. Nikamwona akilini yule mtoto miaka yote iliyobaki akiwa ameinama shambani, na sababu ni kwamba sisi, walimu, tulimtuma shambani. Siku ile niligombana na chaki, na ubao, na sufuria yangu ya uji. Mtu wa kugombana naye nilimwogopa.

Kesho yake majembe yalipotoka, nami nilitoka. Waliobaki darasani, wale wepesi wa kujibu, niliwaachia kazi: kila mmoja atunge maswali magumu ya kumshinda jirani yake. Nikawafuata waliofukuzwa.

Binti alikuwa mbele ya wenzake wote, matuta yake yamenyooka kuliko mistari yangu ya rula.

"Tuta moja lina mashimo mangapi ya mbegu?" nilimuuliza.

"Saba, mwalimu."

"Na matuta manne?"

Akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya darasani.

"Usiniambie. Tembea."

Aliweka jembe chini, akavuka tuta la kwanza. "Saba." La pili. "Kumi na nne." La tatu. "Ishirini na moja." La nne. "Ishirini na nane." Akageuka kuyatazama matuta yale, ambayo alikuwa ameyalima kwa mikono yake tangu Januari, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yalikuwa hesabu.

Sikupata raha hata siku hiyo, kwa sababu nilidhani nimegundua njia na kumbe njia ilikuwa ya mmoja. Mtoto mmoja wa mvuvi hakusaidiwa na matuta hata kidogo. Nilipomwambia mitumbwi minane, kila mmoja na sato sita, alijibu haraka, kisha akaniuliza sato hao ni wakubwa au wa kukaanga wazima. Mwingine alikumbuka akiimba tu. Asipoimba, hakuna kitu. Mimi niliyetaka somo moja, safi, lisilo na doa, nikajikuta naandaa masomo matatu kwa kipindi kimoja, yote yamejaa maneno niliyoyakata, na nikayachukia maandalizi yangu kila jioni. Lakini watoto walikuwa wanakumbuka. Wiki ikipita, bado wanakumbuka.

Wepesi walituzomea dirishani. "Darasa la Jembe hao! Mnavuna mara ngapi?"

"Njooni mlime, mkono laini!" binti aliwajibu. "Mtalilia kalamu!"

Kisha wakaanza kuona wivu. Asubuhi moja Mwalimu Mkuu alimuuliza kijana aliyekuwa akiongoza darasa, sita mara sita. "Sijui, Mwalimu Mkuu," akasema, jembe tayari mkononi. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikajua nimekwisha.

Aliniita ofisini.

"Umefanya adhabu kuwa zawadi, kijana."

"Adhabu ya kosa gani, Mwalimu Mkuu?"

"Ulisoma chuo gani cha ualimu?"

"Sikusoma chuo."

"Basi wafuate waliosoma. Darasa ni moja, somo ni moja. Asiyeshika hana kichwa, na hilo si langu wala si lako."

Nilimwambia kwamba yule binti anashika. Akacheka, akatoka nami mpaka darasani, akamsimamisha mbele ya wote. "Saba mara nane!"

Binti akaanza kunyanyua miguu pale pale alipo, mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza. Watoto wakacheka. Mwalimu Mkuu hakuangalia midomo, aliangalia miguu.

"Hamsini na sita," binti akasema.

"Huu ni mtihani au ngoma?" Akanigeukia. "Nitamwandika kwa dhamana yako. Akifeli, nawe huna kazi hapa."

"Mwandike," nikasema. Kisha nikaenda nyuma ya choo cha shule nikatapika.

Siku ya mtihani alikuja kusimamia mwalimu mgeni kutoka Misungwi. Sisi wenyeji hatukuruhusiwa kukaribia. Nilisimama shambani, mbali kidogo na madirisha, na katikati ya kimya nikasikia sauti ya mgeni: "Wewe binti! Tuliza miguu!"

Sijawahi kukasirika hivyo maishani. Nilitaka kuingia kwa dirisha. Miguu ile ilikuwa daftari lake, na mtu alikuwa amemnyang'anya katikati ya swali. Nilibaki nimekunja ngumi kati ya matuta, nikihesabu vifungo vya shati langu ovyo ovyo, nikimtukana mgeni, Mwalimu Mkuu na mimi mwenyewe.

Alipotoka nilimkimbilia. "Alikukataza miguu?"

"Alinikataza miguu, mwalimu." Alinyanyua mguu wake mtupu, akavichezesha vidole. "Vidole hakuvikataza."

Alifaulu. Baba yake alinipa mkono na hakusema kitu kuhusu shamba.

Disemba ile uhuru ukaja. Tulicheza uwanjani mpaka vumbi likatujaa puani. Mwalimu Mkuu alipandisha bendera mpya na kuhutubia kwamba sasa watoto wote wa nchi hii ni sawa. Nilimpigia makofi, tena kwa nguvu, kwa sababu niliamini amejisikia mwenyewe akisema.

Januari niliingia darasani nikakuta majembe nyuma ya mlango. Yalikuwa yametiwa mipini mipya.

Aliingia mikono nyuma. "Tatu mara tisa!" alimwambia mtoto mdogo wa kiume aliyekuja kwetu kutoka Buzuruga, aliyekuwa bado hajazoea hata jina langu. Mtoto akasita. Wenzake hawakumngoja ajibu. Walishamwelekezea mlango kwa vidole. Akanyanyuka.

Nilitoka mezani nikasimama mbele ya majembe. Ubaoni kulikuwa na herufi moja iliyopinda ambayo sikuwa nimeifuta.

"Kaa," nikamwambia mtoto.

"Unasemaje?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Nimesema akae. Sijamfundisha bado."