Hakuja Kutazamwa

Jumamosi nilishiriki mbio za hisani katika bustani ya wanyama hapa Bukoba, za kuchangia watoto wenye ulemavu. Binti mmoja kutoka Muleba, anayetembelea magongo, akajipanga nasi mstarini. Mwandaaji akampungia mkono kama anayefukuza kuku.

"Wewe kakae pale kwenye banda la nyani, wageni wakupige picha."

Mama yake akamshika binti bega. "Waitu, mheshimiwa wetu, mwanangu hakuja kutazamwa. Amekuja kukimbia."

"Atatuchelewesha!"

Filimbi ikalia, binti akaondoka na magongo yake. Nikaacha kukimbia, nikatembea naye hadi mwisho. Tulipofika, wakubwa waliovaa fulana za mbio walikuwa wameshahutubia kuhusu upendo na kuondoka. Hisani inayomwonea haya anayechangiwa ni matusi yaliyovalishwa fulana.