Fundi Dari na Paja la Dinosaria

Walimwita Fundi Dari kwa sababu nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa na dari zake za jasi. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo wake haukujua kupumzika. Wataalamu walipoanza kuchimba mifupa ya dinosaria bondeni nyuma ya mji, walitaka mtu wa kuifunga kwa vitambaa vya gunia vilivyolowekwa kwenye jasi, isivunjike njiani. Wakamchukua yeye.

Siku moja wakafikia mfupa wa paja, mrefu kuliko kitanda, wenye ufa katikati. Fundi Dari akapitisha mkono wa kushoto chini yake, akaubana ufa, na kwa mkono wa kulia akaendelea kufunga, huku akiwasimulia wenzake jinsi dari ya mama mkwe ilivyoshuka taratibu hadi mezani, wageni wakiwa wanakula. Wenzake walishika mbavu kwa kicheko. Alisikia joto mkononi, akadhani ni jua. Hadithi ilipokwisha, akajaribu kunyanyuka, akashindwa.

"Bosi," alimwambia mama aliyesimamia uchimbaji, "naona nimejifunga humu."

Bosi akainama, akagonga jasi. Ilikuwa imekauka kama saruji. Nyundo ingeupasua mfupa.

"Ufa bado umeushika?"

"Nimeushika."

"Basi usiuachie."

Msumeno wa kukatia plasta za waliovunjika mifupa ulikuwa hospitali. Wakampakia kwenye lori, yeye na paja lake, juu ya magodoro. Mkewe akaja mbio, akapanda, akamfungulia mwavuli.

"Sasa baba watoto, kwenu nikawaambie nini?"

"Waambie niko kazini."

Muuguzi wa mapokezi aliutazama ule mzigo uliobebwa na wanaume sita.

"Kilichovunjika nini?"

"Paja," Bosi akajibu.

"La nani?"

"La dinosaria."

"Na huyu baba?"

"Huyu hana shida. Ameshika tu."

Muuguzi alikuwa ameona mengi. Akanyoosha kidole. "Wa mapaja wanakaa benchi lile."

Wakapanga foleni. Bibi mmoja mwenye plasta mkononi akampa pole. Fundi Dari akaitikia vizuri, kisha akaanza kumsimulia habari za dari ya mama mkwe. Mkewe, ambaye mama mkwe huyo ndiye mama yake mzazi, akafunga mwavuli na kuhamia benchi jingine.

Zamu yao ilipofika, fundi wa plasta alikata polepole kama anamenya yai. Mkono ukatoka mweupe, vidole vimekunjamana. Bosi alikagua ufa kwanza. Ulikuwa haujaachia hata kidogo. Mke akaushika mkono, akaukanda kidole kimoja kimoja mpaka vikanyooka. Fundi Dari akanyamaza kwa mara ya kwanza siku ile.

Kesho yake alirudi bondeni. Bosi hakumkataza kusimulia. Ila kila alipoanza, alimwomba kwanza aonyeshe mikono yote miwili.