Bi Somoe na Mke Mwenza wa Karatasi

Watu wa Rutamba wanasema Bi Somoe ni mbishi. Si kweli. Bi Somoe anajua anachokitaka, na watu wasiojua wanachokitaka wakimwona mtu wa namna hiyo humwita mbishi. Yeye ndiye aliyemlea mjukuu wake Imani tangu mama wa mtoto alipokwenda Mtwara kutafuta kazi. Yeye ndiye aliyemfundisha herufi kabla hajavaa sare ya shule, kwa kipande cha mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Herufi zenyewe Bi Somoe alizipata zamani katika darasa la watu wazima, akiwa na mimba kubwa, na hakuzipata zote vizuri. Lakini alizozipata alimpa mtoto zote, hakubakiza.

Kwa hiyo jioni ilikuwa yao wawili. Bi Somoe ananyofoa korosho kwenye mabibo, Imani amekaa kwenye kigoda na kitabu cha shule, anasoma kwa sauti mpaka barabarani wanasikia. Wapita njia wanasimama.

"Bi Somoe, huyo mtoto anasoma kama mtangazaji."

Bi Somoe anaendelea na korosho zake, lakini shingo inarefuka. Imani akikosea, au Bi Somoe akidhani amekosea, anamkata: "Rudia hapo." Imani anarudia. Hata kama hakukosea, anarudia. Hiyo ndiyo adabu, na ndiyo raha yenyewe.

Imani alipofika darasa la tatu akaletwa mwalimu mgeni, Mwalimu Justa, binti wa Rondo. Huyo binti alikuja na kasha la plastiki limejaa vitabu vya hadithi, akaanzisha mambo yake. Kila siku baada ya uji watoto wanakwenda kwenye kasha, kila mmoja anajichagulia kitabu anachokipenda mwenyewe, wanakaa, wanasoma kimoyomoyo. Hakuna kuitikia kwa pamoja, hakuna maswali, hakuna fimbo inayopita ubaoni juu ya maneno. Na aliyenogewa anaruhusiwa kwenda nacho nyumbani.

Imani alinogewa.

Siku ya kwanza Bi Somoe alidhani mtoto anaumwa. Amekaa kigodani, kitabu mapajani, juu ya jalada kuna mbuzi aliyevishwa shela la bibi harusi. Mdomo umefungwa. Macho tu ndiyo yanatembea.

"Mbona husomi?"

"Nasoma, Bibi."

"Mbona sikusikii?"

"Nasoma kimoyomoyo. Mwalimu Justa ametufundisha."

Katika umri wake wote Bi Somoe alikuwa amewaona watu wanaosoma bila kutoa sauti mara chache tu, na wote walikuwa wanamwapiza mtu. Akamwangalia. Punde mtoto akacheka. Akacheka peke yake, mabega yanatikisika.

"Kuna nini?"

"Basi tu, Bibi."

Na macho yakarudi kwa mbuzi.

Bi Somoe aliijua ile sura. Marehemu mumewe, Mzee Ismaili, alipoanza safari za Rondo kwenda kuangalia mbao, alikuwa anakaa pale pale barazani, ugali unapoa mbele yake, anatabasamu na mtu ambaye hayupo. Ukimuuliza, basi tu. Baadaye ndipo ikajulikana kwamba mbao zile zina jina na zimeshaposwa. Bi Somoe hakulia. Alipanda lori akaenda Rondo kumwona huyo mwanamke kwa macho yake, akamkuta mtu wa kawaida kabisa, visigino vimepasuka, anauza ndizi. Tena alimpokea vizuri, akampa maji ya kunywa. Kilichomkera Bi Somoe kuliko vyote ni yale maji.

Sasa tena Rondo. Binti wa Rondo na kasha lake.

Jirani yake, Mama Kondo, hakukawia. Alikuja kuomba kiberiti, akasimama mlangoni, akatega sikio.

"Shoga, siku hizi kwako kimya. Redio imeisha betri?"

"Mtoto anasoma."

"Anasoma wapi, mbona hatusikii?"

"Anasoma kimoyomoyo. Ndiyo elimu ya sasa hivi, wewe huwezi kuijua."

"Makubwa." Mama Kondo akachungulia ndani, akamwona Imani amejikunja na kitabu chake, anacheka. "Na wewe umebaki na nani?"

"Na korosho zangu."

"Umeletewa mwenza, mwenzangu. Na huyu hata ukitaka kumshika nywele, hana."

Mama Kondo alicheka mpaka akasahau kiberiti. Bi Somoe hakucheka, kwa maana neno lilikuwa limeingia mahali pake. Alikuwa akiona wivu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaionea wivu karatasi. Usiku alilala ameelekea ukutani.

Kesho yake akatoa amri.

"Imani. Katika nyumba hii kitabu kinasomwa kwa sauti."

"Hata cha hadithi, Bibi?"

"Hata cha nini."

Imani ni mtoto mtiifu. Alisoma kwa sauti. Alisoma kurasa nzima bila kusita, kila neno limenyooka, kama mtu anayesoma tangazo la mnada wa korosho. Alipofika mahali ambapo jana alicheka, Bi Somoe akasikiliza kwa makini, apate na yeye kucheka. Mtoto akapita moja kwa moja, akafungua ukurasa mwingine.

Bi Somoe aliwahi kuonja chakula hiki. Wazee walipomkalisha Mzee Ismaili na kumwamuru agawe siku kwa haki, aligawa. Siku ya Bi Somoe ikifika anakuja, anakula, anasema alhamdulillahi, anaangalia dari. Hakuna aliloliacha katika yale aliyoambiwa na wazee. Afadhali angebaki hukohuko.

"Basi, acha," alisema.

"Nimekosea, Bibi?"

"Hukukosea."

Ndipo akaamua kwenda shule. Alijifunga khanga mpya, doti ya kwendea harusini, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipanga kumwambia mwalimu kwamba mtoto huyu alikuja kwako anajua kusoma, hukumfundisha wewe. Alipanga kumwambia kwamba mshahara hautolewi kwa kunyamaza.

Alipofika akadhani darasa ni tupu, maana hapakuwa na hata sauti ya kikohozi. Akachungulia. Watoto walikuwa wamejaa. Wengine wamekaa kwenye madawati, wengine kwenye mikeka, wengine wamelala kifudifudi, kila mmoja ameinamia chake. Mwalimu Justa mwenyewe amekaa mbele kwenye kiti kifupi, hafundishi, hasahihishi madaftari, anasoma kitabu chake kama mtu aliye likizo. Imani alikuwa karibu na dirisha, ameelekea mlangoni. Akainua uso. Macho yakapita juu ya bibi yake kama yanavyopita juu ya nzi, yakarudi kwenye ukurasa.

Hakumwona. Mtoto aliyelala mgongoni kwake hakumwona.

Mwalimu Justa akaja mlangoni taratibu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Bibi. Karibu."

"Marahaba. Nimekuja tuzungumze."

"Tutazungumza, Bibi. Sasa hivi tunasoma. Hapa mgeni naye anachukua kitabu, anakaa. Hata mwalimu mkuu akija anakaa."

Yale maneno yote ya njiani yakakosa pa kutokea. Kuondoka ni kushindwa, na kusimama mlangoni ni kama kuomba. Bi Somoe akaenda kwenye kasha akachukua kitabu kinene kuliko vyote, akakaa kwenye mkeka karibu na msichana mdogo mwenye pengo, akakifungua katikati ili aonekane amefika mbali. Herufi zilikuwa ndogo kama siafu na zimebanana vilevile.

Yule msichana akamwangalia kidogo, kisha akamnong'oneza. "Bibi, hicho kigumu. Ukiona maneno mengi yanakushinda, unakirudisha, unachukua kingine. Mwalimu hakasiriki."

"Nani kakwambia yananishinda?"

"Hugeuzi ukurasa."

Bi Somoe akageuza. Akakaa kidogo, akageuza tena.

"Sasa unageuza upesi," alisema msichana, akarudi kwenye chake.

Jasho lilimtoka Bi Somoe chini ya khanga yake ya harusi. Hata hivyo hakukirudisha. Alikaa nacho mpaka Mwalimu Justa alipofunga kitabu chake, na watoto wakaanza kunyooka na kupiga miayo kama watu wanaoamka. Hapo ndipo Imani alipomwona, akaja mbio. "Bibi, umekuja saa ngapi?"

 Bi Somoe alitoka na mwalimu hadi kibarazani.

"Mwalimu, mjukuu wangu alikuwa ananisomea. Sasa hanisomei."

"Bibi, Imani anasoma kuliko wote humu ndani."

"Sikukuuliza anasoma kiasi gani. Nimesema hanisomei."

Mwalimu Justa alijipangusa mikono kwenye sketi. Alikuwa binti mdogo tu, na kwa karibu alionekana mchovu, chaki imemganda kwenye kucha. Halafu akasema, "Kama hupendi, Bibi, nitamkataza kuja na vitabu nyumbani. Atakuwa anasoma hapa tu. Wewe ndiye mzazi wake."

Hilo ndilo lililomleta. Mwenza anafukuzwa, tena na mtu mwingine, na yeye Bi Somoe wala hajanyanyua mkono. Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa mdomoni tayari. Kupitia dirishani akamwona Imani kwenye kasha, anatoa kimoja anarudisha, anatoa kingine anakinusa, kama mwanamke anayechagua khanga dukani. Bi Somoe akaisikia ile sauti ya tangazo la mnada. Akaona jioni zote zilizobaki, na mtoto mtiifu kwenye kigoda anaangalia dari.

"Sikusema umkataze."

"Basi nifanyeje, Bibi?"

"Kile cha mbuzi kiko wapi?"

"Amekirudisha leo."

"Nipe mimi."

Mwalimu Justa alitaka kucheka, akajizuia, na Bi Somoe akaliona hilo pia na hakulisahau. Akaletewa kitabu. "Bibi, kikikushinda..."

"Hakitanishinda."

Nyumbani hakumwambia mtu. Kusoma bila sauti hajui, na hakutaka Mama Kondo amsikie, kwa hiyo alasiri Imani akiwa madrasa alikuwa anazunguka nyuma ya jiko, anakaa juu ya kinu kilicholala, anaweka kidole chini ya neno na kulisukuma. Alikiendea kile kitabu kama alivyokwenda Rondo, kutazama mwenza ana nini ambacho yeye hana. Akakuta mbuzi. Mbuzi tu, mwenye njaa, aliyekwenda harusini bila kualikwa. Bi Somoe alimdharau. Lakini mbuzi akala shela la bibi harusi, akaingia chini ya kitanda, na kungwi akaingia chumbani anaita, na hapo maneno yakawa marefu na mwadhini akaadhini. Usiku ule Bi Somoe aliosha vyombo huku anamfikiria mbuzi. Kama ni yeye kungwi, angeanza kuangalia chini ya kitanda.

Imani alimgundua siku madrasa ilipofungwa mapema. Alisikia mtu ananguruma nyuma ya jiko, akaja.

"Bibi, unasoma?"

"Napumzika."

Mtoto akakiona kitabu, na uso wake wote ukafunguka. Akajibanza kwenye kinu ubavuni kwa bibi yake. "Umefika wapi? Umefika pale kungwi anapoinama?"

"Nyamaza."

"Nikusomee, Bibi? Nitakusomea kwa sauti. Nakijua chote, na sauti ya mbuzi naweza kuiga."

Mtoto amekuja mwenyewe, hakuitwa wala hakuamriwa. Kitu kilichomkosesha usingizi Bi Somoe tangu kasha lile lifike kijijini sasa kimekaa kwenye kinu, kimemshika mkono.

"Usinigusie kitabu changu," alisema.

"Basi nikwambie tu, yule kungwi..."

"Imani. Nenda kalete chako."

Imani akaenda, akaleta chake, akakaa palepale. Mdomo akaufunga. Bi Somoe akaendelea kusukuma neno kwa neno, kungwi akashika ncha ya shuka, akainama, na kabla kidole hakijafika kwenye neno lililofuata Imani alikuwa ameshaanza kucheka, macho yake kwenye ukurasa wa kitabu chake mwenyewe.

Bi Somoe akamtazama kwa jicho baya. Kisha akageuka, akampa mgongo, afike pale pa kucheka peke yake.